Sigara ya Umeme: Je, Ni Mvuke wa Maji Tu?

Mwalimu mmoja wa upande wa Nalasi, kusini mwa Tunduru karibu na mpaka wa Msumbiji, ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wote, kwa kuwa si yeye peke yake aliye nalo. Asema kwamba vijana warudipo likizo kutoka mijini huja na kijiti mfano wa kalamu, hukivuta, na kinywani hutoka wingu jeupe lenye harufu ya embe au ya pipi. Wakiulizwa, hujibu kwamba hiyo si sigara, haina tumbaku ndani yake, ni mvuke wa maji tu. Tena yuko mzee mmoja wa usharika, mvutaji wa sigara tangu ujana wake, ambaye amesikia habari hizo, naye ataka kujua kama kitu hicho chaweza kumtoa katika sigara. Je, mwalimu awajibu nini?

Maswali ni mawili, na majibu yake si mamoja. Jibu limfaalo mzee aliyevuta miaka 40 silo limfaalo kijana asiyevuta kamwe. Kwa hiyo yatupasa kwenda taratibu, tena kusema kweli yenyewe pasipo kuiongeza wala kuipunguza. Maana mwalimu akiwatisha vijana kwa jambo lililozidi kweli, nao wakaligundua, hawatamsadiki tena hata awaambiapo yaliyo hakika.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Watu wengi hudhani ni kitu cha juzi, walakini wazo lake ni la zamani kidogo. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Herbert Gilbert, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa sigara isiyowaka moto wala isiyo na tumbaku, akapewa hati hiyo mwaka 1965. Lakini haikuuzwa, ikasahauliwa. Kisha mwaka 2003 Mchina aitwaye Hon Lik, mtaalamu wa dawa, alibuni chombo cha namna hiyo ambacho nikotini yake hutoka katika maji. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na baba yake vilevile, ambaye alikufa kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2004 chombo chake kilianza kuuzwa China, na baada ya miaka miwili mitatu kikafika Ulaya na Marekani. Basi kusudi lake la kwanza lilikuwa kuwasaidia wavutaji. Jinsi kilivyofika mikononi mwa watoto wa shule ni habari nyingine, nayo ni habari ya biashara.

Ajuaye koroboi atafahamu upesi jinsi kinavyofanya kazi. Koroboi ina kopo la mafuta ya taa, na utambi ulioshuka ndani yake huyavuta mafuta kwenda juu penye moto. Sigara ya umeme, ambayo vijana huiita vepu, nayo ina kijitungi cha maji mazito na utambi wa pamba; ila mahali pa moto pana waya mwembamba uliosokotwa, na nguvu ya kuupasha waya huo joto hutoka katika betri ndogo. Mtu avutapo pumzi, waya huingia joto la nyuzi 200 au zaidi, na yale maji katika utambi hugeuka kuwa wingu. Hakuna kinachowaka. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na sigara, ambayo ncha yake ikivutwa hufikia nyuzi 900 hivi, na moshi wake una aina zaidi ya 7,000 za kemikali, ambazo kadiri ya 70 zajulikana kuwa huleta saratani.

Lakini wingu hilo si mvuke wa maji. Mvuke wa maji ni ule utokao katika sufuria ya chai, ambao ukiugusa kwa mfuniko huacha matone ya maji safi. Wingu la vepu ni matone madogo mno ya yale maji mazito, yakielea hewani kama ukungu wa asubuhi bondeni, nayo hushuka pamoja na pumzi hata ndani kabisa ya mapafu. Neno hili «mvuke» limewapoteza wengi. Hata katika kilimo twasema «tumbaku ya mvuke» kwa ile ya Tabora inayokaushwa kwa hewa ya moto, na «tumbaku ya moshi» kwa ile ya Songea na Namtumbo inayokaushwa juu ya moto wa kuni. Wala hakuna mkulima anayedhani kwamba ile ya kwanza haina ukali kwa sababu ya jina lake.

Sasa tutazame yaliyomo katika kijitungi. Sehemu kubwa ni vitu viwili, gliserini na propilini glikoli. Gliserini hupatikana katika mafuta ya mimea, na watengeneza sabuni waifahamu. Ni nzito na tamu. Propilini glikoli hutumika katika dawa za kunywa na katika vyakula vingine. Hapo ndipo muuzaji asemapo, «Mbona hivi vyote huliwa?» Ni kweli, huliwa. Lakini tumbo na mapafu si kitu kimoja. Mafuta ya karanga ni chakula kizuri, walakini kila mwuguzi atakuambia usimnyweshe mtoto mafuta kwa nguvu alipo akilia, kwa kuwa yakiingia njia ya pumzi humletea uvimbe wa mapafu. Tumbo limeumbwa kupokea kila namna ya kitu na kukisaga. Mapafu yameumbwa kupokea hewa. Basi kitu kikiwa salama mezani, haijathibitika bado kuwa ni salama kifuani.

Cha tatu ni vionjo, yaani vitu vya kutia ladha na harufu: embe, nanasi, mnanaa, vanila, na maelfu mengine. Hapa iko habari moja ipasayo kujulikana. Mwaka 2000, katika mji wa Jasper, jimbo la Missouri huko Marekani, watu wanane waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda cha bisi waliugua ugonjwa mbaya wa mapafu, ambao vijinjia vidogo vya pumzi huziba kwa makovu wala havifunguki tena. Walipochunguza, waliona kisababishi ni diasetili, kitu kinachotia harufu ya siagi, ambacho wafanya kazi hao walikuwa wakikivuta pamoja na hewa ya kiwandani. Katika bisi zenyewe, kwa mlaji, hakikuleta ugonjwa huo. Mwaka 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za vionjo vya sigara za umeme, wakakuta diasetili katika 39. Baadaye nchi kadhaa zikakataza kuitia. Hatusemi kwamba kila avutaye vepu atapata ugonjwa wa wale watu wa kiwandani, hilo halijaonekana. Twasema tu kwamba harufu nzuri si ushuhuda wa usalama.

Viko na vitu ambavyo hakuna aliyevitia, bali huzaliwa humohumo kwa joto. Mpishi anayesahau mafuta ya kukaangia motoni hujua ule moshi mkali unaochoma macho na koo. Katika moshi huo mna kitu kiitwacho akrolini, na gliserini ikipata joto kupita kiasi hutoa kitu hichohicho. Pamoja nacho huonekana formaldehidi, ambayo ni ile dawa itumikayo hospitalini kuhifadhi maiti, nayo huleta saratani kwa mtu anayeivuta kwa wingi. Vipimo vya vitu hivi katika wingu la vepu kwa kawaida ni vidogo kuliko katika moshi wa sigara, lakini vyaongezeka waya unapozidi joto au utambi unapokauka. Na waya wenyewe huacha chembe za madini, kama nikeli, kromiamu na risasi, zikaingia pamoja na pumzi.

Tumebakiza nikotini, na hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Watu wa mkoa wetu wa Ruvuma hawana haja ya kufundishwa tumbaku na mgeni. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianzishwa mwaka 1936, Wangoni wakiuza tumbaku na Wamatengo kahawa, na hata leo mabani ya kukaushia majani yangaliko Namtumbo na Songea. Watu wa Nalasi ni wa korosho zaidi, walakini wengi wana ndugu waliolima tumbaku. Waulizeni hao juu ya kuvuna asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande. Watawaambia kwamba mara nyingine mvunaji hushikwa na kizunguzungu, kichwa chamgonga, hutapika, huona ulegevu, hali hakuvuta wala hakutafuna hata jani moja. Ni nikotini iliyoyeyuka katika umande ikapita katika ngozi ya mikono na miguu. Madaktari wanaujua ugonjwa huo, wakauita ugonjwa wa tumbaku mbichi. Watoto huumia zaidi, kwa kuwa miili yao ni midogo, na kwa sababu hiyo tu wasingepaswa kutumwa kuvuna majani mabichi. Tena wakulima wengi wanajua kwamba maji yaliyolowekwa tumbaku huua wadudu wa bustanini. Mmea hutengeneza nikotini kwa kazi hiyohiyo, kujikinga na wadudu.

Jina lake limetokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Lisbon, ambaye mwaka 1560 aliipeleka tumbaku katika jumba la mfalme wa Ufaransa kama dawa. Kitu chenyewe kilitenganishwa na jani mwaka 1828 na wataalamu wawili wa Kijerumani, Posselt na Reimann, huko Heidelberg. Basi asemaye kwamba vepu «haina tumbaku» asema kweli nusu: jani halimo, lakini nikotini iliyomo kwa kawaida imetolewa katika jani.

Je, hufanya nini mwilini? Ikivutwa, hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hujikaza, na presha hupanda. Mtu huona raha kidogo na wepesi wa akili, kisha ile raha huondoka, naye huitaka tena. Akizoea, haivuti tena kwa ajili ya raha bali kwa ajili ya kuondoa uchungu wa kuikosa: hasira za bure, kutotulia, usingizi wa mang'amung'amu, kushindwa kushika somo. Huo ndio utumwa wake, nao huwashika vijana upesi kuliko watu wazima, kwa sababu ubongo wa binadamu huendelea kujengeka hata miaka 25 hivi, na nikotini huyavuruga majengo hayo, hasa katika mambo ya kukumbuka, kujifunza na kujizuia. Kwa mama mjamzito hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ikadhuru ubongo na mapafu yake. Mama asidhani kwamba kwa kuacha sigara na kushika vepu amemwepusha mtoto na kila dhara.

Tuangalie na hesabu, kwa maana watu hudanganywa na udogo wa chombo. Mvutaji wa sigara moja hupata nikotini ya miligramu 1 hadi 2 katika damu yake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya sheria inakataza maji yenye zaidi ya miligramu 20 katika mililita moja, na kijitungi kisizidi mililita 2. Ndiyo kusema kwamba hata chombo kilichofuata sheria hiyo chaweza kubeba miligramu 40. Si yote huingia katika damu, walakini yatosha kulingana na pakiti nzima ya sigara. Na vyombo vingine viuzwavyo pasipo sheria hupita kipimo hicho sana. Zamani nikotini nyingi namna hiyo ingemchoma mtu koo akaacha mwenyewe. Lakini watengenezaji walijifunza kuichanganya na asidi kama ya benzoiki, ikawa laini, hata mtoto aweza kuivuta pasipo kukohoa. Mimi kwangu hili ndilo baya kuliko yote. Ukali wa moshi ulikuwa kama ua wa miiba kwa mtoto, nao wameuondoa, wakapanda embe na pipi mahali pake.

Wako watakaouliza, «Je, kitu hiki kimewahi kuua?» Mwaka 2019 huko Marekani vijana wengi wenye afya njema walianza kufika hospitalini wakiwa hawawezi kupumua. Hata Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa katika hao ni 68. Wachunguzi walitazama majimaji yaliyotolewa katika mapafu ya wagonjwa 51, wakakuta mafuta ya aina ya vitamini E katika 48. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakivuta maji yenye asili ya bangi, yaliyonunuliwa kwa watu wa mitaani, ambayo wauzaji waliyazimua kwa mafuta hayo ili wapate faida. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kila vepu huua kwa namna hiyo. Lakini ni haki kuuliza: kijana wa kwetu anunuapo kichupa kisicho na anwani ya kiwanda, kilichopita mikono mitano, atajuaje kilichomo?

Na juu ya saratani na magonjwa ya miaka mingi, muda haujatosha kujua. Sigara zenyewe zilienea sana wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, lakini ni mwaka 1950 tu ambapo madaktari Doll na Hill wa Uingereza walionyesha wazi kwamba zafungamana na saratani ya mapafu, na serikali ya Marekani ikalitangaza mwaka 1964. Vepu imeuzwa kwa miaka 20 na kitu. Anayesema kwamba haina madhara ya baadaye asema asilolijua.

Basi turudi kwa yule mzee. Yeye amekwisha kuwa katika moshi, na moshi huo ndio uuao. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 ulimwenguni kila mwaka. Madaktari wa Uingereza husema kwamba mvutaji akiacha sigara kabisa na kushika vepu hupunguza sana sumu inayoingia mwilini mwake, na majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu yameonyesha kwamba vepu yenye nikotini imewasaidia watu wengine kuacha sigara, hata kuliko plasta na ubani wa nikotini. Hatuwezi kulificha hili. Lakini wajue mambo mawili. La kwanza, wale waliofanikiwa waliacha sigara kabisa. Mtu avutaye sigara asubuhi na vepu jioni hajapunguza mengi, ameongeza gharama tu. La pili, majaribio hayo yalifanywa mahali ambapo maji ya vepu hupimwa na mganga yuko karibu. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo, lilipotoa onyo mwezi Desemba 2023, halikukubali kwamba viuzwe kwa watu wote kama dawa ya kuacha sigara. Kwa mzee wa Nalasi, vepu ya kununuliwa njiani haifanani na dawa ile iliyojaribiwa huko. Ushauri wetu ni aende zahanati au kituo cha afya, aseme wazi kwamba ataka kuacha. Aijue na njia yenyewe: siku tatu za kwanza hadi juma moja ndizo kali; hamu ikija hudumu dakika chache tu, kisha hupita, hata kama hakuvuta. Maji ya kunywa, kazi ya mikono, na mtu wa kukaa naye jioni humsaidia kuivuka. Baada ya majuma mawili mpaka manne hali huwa nyepesi.

Kuhusu sheria, nchi zetu hazilingani. Uganda mwaka 2015 ilitunga sheria inayokataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za umeme, na tumbaku ya namna yo yote haiuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka 21. Sheria yetu ya Tanzania juu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, nayo yakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Lakini iliandikwa mwaka uleule ambao Hon Lik alikuwa akibuni chombo chake, hivyo haishangazi kwamba maneno yake yalilenga jani na sigara. Wazazi na walimu wasingoje.

Waalimu wenye darasa la kipaimara tungewaomba wasilifanye jambo hili kuwa hotuba ya makaripio. Chukueni koroboi, onyesheni utambi, elezeni maji na waya, kisha waulizeni vijana wenyewe kwa nini muuzaji ametia harufu ya pipi katika kitu anachosema ni cha wazee. Watajibu vizuri kuliko tunavyodhani.

Mwisho, neno kwa wenye watoto wadogo nyumbani. Kichupa cha maji ya vepu kina rangi nzuri na harufu ya matunda, na mtoto hukidhania soda. Mililita 10 za kipimo cha Ulaya zina miligramu 200 za nikotini. Mwaka 2014 mtoto mdogo katika jimbo la New York alikufa kwa kunywa maji ya namna hiyo. Mtoto akiyanywa au akijimwagia, dalili ni mate mengi, kutapika, jasho, weupe wa uso, moyo kwenda mbio, na baadaye degedege na ulegevu wa pumzi. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji mengi, msimtapishe kwa nguvu, msimpe maziwa wala mafuta, bali mpelekeni hospitali mara moja, na kichupa chenyewe mkichukue, ili mganga asome kipimo. Na chombo kilichokwisha kisitupwe katika shimo la takataka linalochomwa moto, kwa kuwa betri yake hulipuka. Wala kisikae mfukoni pamoja na sarafu na funguo.